Hizi programu za ADHD kwenye simu: zinatusaidia au zinatula bando?



Najua, najua. Siku nyingi sijaonekana. Wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko, na yupo mmoja (unajijua) aliyewaambia watu nimeoa. Hapana jamani. Nipo, hosteli ile ile, chumba kile kile, feni ile ile inayolia kama mashine ya kusaga. Haya mnayoyasoma nilianza kuyaandika wiki tatu zilizopita. Nikaandika aya mbili, nikatoka kwenda kuchota maji, nikakuta jamaa wanabishana mpira pale ngazini... basi. Ndoo niliikuta asubuhi. Aya mbili nimezikuta leo.

Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini habari ya ndoo siyo utani.

Leo nataka kutoa maoni yangu kuhusu programu za simu zinazosema zinawafundisha na kuwasaidia watu wazima wenye ADHD. Siongei kama daktari, naongea kama mteja. Hali hiyo ninayo, nilipimwa na daktari mwaka jana, na programu nimeshajaribu saba. Nane, ila ya nane nimesahau neno la siri.

Kwanza, ADHD ni nini? Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, ambapo mtu anapata shida kuongoza umakini wake, kutulia, na kujizuia kabla hajatenda. Watu wanadhani umakini haupo. Upo, tena wa kumwaga, ila hauendi unakoutuma. Naweza kukaa saa sita nikisoma historia ya reli ya TAZARA ambayo hakuna aliyeniuliza, halafu nikashindwa kufungua faili la kazi ninayotakiwa kukabidhi kesho. Zamani iliaminika ni ugonjwa wa watoto watukutu na kwamba ukikua unaisha. Siku hizi inajulikana kwamba wengi wanakua nayo. Miguu inatulia, kichwa ndiyo kinaendelea kukimbia.

Na siyo kila anayesahau funguo anayo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano katika kundi moja la dalili, zingine ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12, na ziwe zinamvuruga sehemu zaidi ya moja ya maisha yake. Nawaambia hili mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma hapa na kujipima kabla hawajafika chini.

Sasa yangu yalivyokuwa. Mwaka wa pili, semista ya pili, tulipewa kazi ya nyumbani yenye maksi nyingi. Niliifanya. Nilikesha siku mbili, nikaimaliza vizuri kabisa, mpaka ukurasa wa juu wenye jina langu na namba ya usajili. Halafu sikuikabidhi. Siku tisa ilikaa kwenye kompyuta ikiwa imekamilika. Kila asubuhi nilisema leo. Mhadhiri aliponiita akaniuliza, "Kijana, kama ulikuwa hujaifanya ningekuelewa. Umeifanya. Kwa nini hukuileta?" Nilisimama pale mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Sikuwa na jibu. Siyo kwamba nilikuwa naficha jibu, sikuwa nalo.

Nikapata sapu. Na ile wiki ya matokeo, usiku, nikiwa naogopa hata kumpigia mama, ndipo nikaanza kuangalia video za ADHD kwenye TikTok. Moja, mbili, arobaini. Zote zilikuwa zinanizungumzia mimi! Kumbe na mimi, kumbe na mimi. Hapo niwaonye wadau: watafiti wa Kanada walichukua video 100 za ADHD zilizokuwa maarufu zaidi humo TikTok, wakazipitia, na mwaka 2022 wakachapisha kwamba 52 kati yake zilikuwa zinapotosha. Zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukiona video inakuhusu, kumbuka kwamba horoskopu nayo inakuhusu.

Video zikanileta kwenye tangazo, tangazo likanileta kwenye programu. Sitaitaja jina. Ilikuwa nzuri sana machoni. Maswali mafupi, rangi za upole, mwishoni ikaniambia dalili zangu ni nyingi na kwamba ina mpango wangu binafsi. Siku saba bure, baada ya hapo wanakata ada ya mwaka. Nikaingiza ile kadi ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za simu, nikajisemea siku ya sita nitasitisha.

Mnaona inakoelekea.

Siku ya kumi na moja bumu liliingia. Siku ya kumi na moja hiyo hiyo, kabla sijalipa hata deni la mama ntilie, wakakata. Laki moja na nusu na senti zake. Nilikula wali maharage ya rumeti wangu kwa wiki tatu, na Mungu ambariki yule jamaa wa Songea, hajawahi kunikumbusha.

Nimekuja kugundua kwamba hasira yangu haikuwa kwenye hela peke yake. Fikirieni. Umetengeneza kitu kwa ajili ya watu wanaosahau. Unajua wanasahau, umeandika somo zima la kuwaeleza kwa nini wanasahau. Halafu biashara yako inaingiza zaidi wakisahau. Ni sawa na mtu kuuza fimbo kwa vipofu, duka lake akaliweka ng'ambo ya mtaro. Programu inayosema inawasaidia watu wa namna yetu ingetuma meseji siku ya sita: "Ndugu, kesho tunakukata, unataka?" Isipofanya hivyo, elimu yote iliyomo ndani naitilia shaka.

Lakini tuwe wakweli. Kwa kuwa nilishalipa, niliisoma. Na mle ndani kulikuwa na somo moja la dakika kama tano kuhusu kushindwa kuanza jambo, kwamba ubongo wa aina hii unasukumwa na kitu kinachovutia, kipya au cha dharura, na kwamba kujua umuhimu wa kazi hakutoshi kuuwasha. Nililisoma nikiwa kituoni nasubiri daladala. Nikaiacha ikapita. Nikaacha na ya pili. Tangu darasa la tatu nimeitwa mvivu, kichwa maji, mtoto mwenye akili asiyejitambua, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza kwamba kuna kitu kinaitwa kutaka kufanya na usiweze. Nililia, wadau. Kituoni, saa kumi na moja jioni, na wauza karanga wananiangalia.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi zote ni utapeli. Elimu ni sehemu ya matibabu. Wataalamu wanaitumia pamoja na dawa na ushauri nasaha wa kubadili mazoea. Na upo ushahidi kwamba simu inaweza kuibeba hiyo elimu. Mwaka 2022 watafiti wa Bonn, Ujerumani, walichapisha jaribio la watu wazima 60 wenye ADHD. Wote walifundishwa kuhusu hali yao katika vikao vya kikundi. Tofauti ni kwamba wengine walipewa vijitabu vya kwenda navyo nyumbani, wengine wakapewa programu ya simu. Wa simu walipata nafuu zaidi kwenye dalili, na mazoezi ya nyumbani waliyafanya zaidi.

Hiyo habari ukiisoma haraka utasema basi, programu zimeshinda, twende tukapakue. Soma tena. Wote walikuwa na vikao. Simu ilishinda kijitabu, haikumshinda mwalimu. Hakuna aliyewaacha wale watu peke yao chumbani na simu usiku wa manane, kama nilivyokuwa mimi.

Hata ule mchezo wa simu uliosifiwa sana ni hivyo hivyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mwaka 2020 mchezo unaoitwa EndeavorRx kwa watoto wa miaka 8 mpaka 12 wenye ADHD, na mwaka 2024 ikaruhusu ndugu yake wa watu wazima, EndeavorOTC, ambao hauhitaji cheti cha daktari. Wengi wanakumbuka kwamba mchezo umeruhusiwa kuwa tiba. Wachache wanakumbuka kwamba huo wa kwanza uliruhusiwa uende pamoja na matibabu mengine, siyo usimame peke yake.

Sasa maoni yangu kwa kifupi ni haya: programu nzuri ni ile inayokusukuma umfikie mtu. Mbaya ni ile inayokuzuia humo humo ndani.

Mimi ile ilinisukuma, bila yenyewe kukusudia. Nilipochoka kulia nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, akaniandikia barua, nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, nilimwamkia akaitikia huku anaandika. Nikamwambia nimejipima kwenye simu, nina ADHD. Akacheka kidogo, akasema, "Haya baba, simu imekupima, na mimi nikupime." Yapo maswali mafupi yanayotumika dunia nzima kwa watu wazima, yalitengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Yako 18, na 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Alinieleza kwamba hayo ni chujio tu, yanaonyesha nani achunguzwe zaidi. Kukosa usingizi kunaweza kukufanya ufanane na mwenye ADHD. Sonona pia, na wasiwasi uliozidi pia. Mwanafunzi anayelala saa tatu kwa siku huku anavuta shisha akijibu maswali hayo atajikuta anayo yote!

Halafu akaniambia kitu ambacho programu zote saba hazikuwahi kuniambia: "Nimpigie mama yako. Nataka kujua ulivyokuwa mdogo."

Nikatetemeka. Mama yangu ni mama wa kijijini, na neno daktari wa akili kwake lina maana moja tu. Lakini akampigia, mbele yangu, spika ikiwa wazi. Mama akaeleza kila kitu. Madaftari niliyopoteza, kiatu kimoja nilichorudi nacho kutoka shule, siku niliyotumwa chumvi nikarudi jioni na kifaranga. Mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Daktari, huyo ni babu yake mtupu. Marehemu alianza nyumba tatu, hakuezeka hata moja. Watu walisema amerogwa." Daktari akamwambia hali hii inarithiwa kwa kiasi kikubwa, na kwamba hakuna aliyerogwa. Kimya. Halafu mama akasema, "Basi tulimsema bure yule mzee."

Hiyo dakika moja ilinipa kuliko ada ya mwaka mzima.

Najua kuna atakayenipinga, na nitamtaja kabla hajafika. Kuna dada mmoja wa Sheria tunayesoma naye kimbweta kimoja, nilipomwambia maoni haya akanijia juu. Akasema, "Wewe una bahati, mama yako kaelewa. Mimi nikisema nyumbani natafuta daktari wa akili, shangazi zangu wataitisha kikao. Simu hainisemi. Simu haina shangazi." Yeye anatumia Focusmate, ile ya kukaa mbele ya kamera na mtu usiyemjua, kila mmoja anafanya kazi yake kwa dakika 25, 50 au 75, mkimaliza mnaagana. Anasema mgeni wa nchi za mbali anamsaidia kwa sababu hajui ukoo wake.

Ana hoja, na sikuwa na la kumjibu pale pale. Aibu ipo. Madaktari wa akili ni wachache, wengi wako mijini, na foleni mnaijua. Kwa mtu kama yeye simu ndiyo mlango pekee ulio wazi. Lakini nikamuuliza: una uhakika simu haina shangazi? Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Cerebral, inayotoa huduma za afya ya akili kwa njia ya mtandao, imekubali kulipa zaidi ya dola milioni 7, baada ya kutuhumiwa kwamba taarifa za watu karibu milioni 3.2 zilipelekwa kwa makampuni mengine, ikiwemo mitandao ya kijamii. Hiyo ndiyo nchi yenye sheria kali na mawakili kila kona. Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ni jambo jema. Ila nani kati yetu anasoma yale masharti kabla ya kubonyeza nimekubali? Tena sisi wenye ADHD! Kurasa arobaini!

Dada wa Sheria akasema yeye anasoma. Sawa, wa Sheria huyo.

Kwa hiyo hatukumaliza ugomvi, ila tulikubaliana maswali ya kujiuliza kabla hujapakua, na nayaweka hapa muyachukue:

1. Inakukumbusha kabla ya kukukata hela? Kama haikukumbushi, weka kengele siku ile ile unayojiunga, siyo kesho. Au sitisha hapo hapo, mara nyingi siku zako za bure zinabaki.

2. Inasema wazi kwamba maswali yake siyo kipimo cha daktari? Ikikwambia "una ADHD" baada ya dakika mbili, funga.

3. Inaeleza taarifa zako zinaenda wapi, kwa lugha ya binadamu?

4. Unaitumia, au unaipanga? Hili ni gonjwa letu. Niliwahi kutumia usiku mzima kupaka rangi orodha ya kazi. Orodha ilipendeza. Kazi hazikufanyika.

5. Ukiizima, kuna mtu yeyote anayejua unapambana?

Kwangu mimi zilizobaki kwenye simu ni mbili, na zote ni za kawaida kabisa. Moja ni saa ya kuhesabu dakika 25, ule mtindo alioubuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi kama sisi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Nyingine ni Goblin Tools, unaiandikia kazi kubwa inakukatia vipande vidogo. Kwenye wavuti yake haidai hata senti. Nikiandika "andika ripoti" inaniambia hatua ya kwanza ni kufungua kompyuta. Utacheka, lakini kuna siku hiyo ndiyo hatua iliyonishinda.

Ya tatu haiko kwenye simu. Ni kimbweta. Yule rumeti wangu wa Songea hajui chochote kuhusu ADHD, anajua uhandisi na mapenzi ya ugali. Lakini akikaa mbele yangu anasoma, na mimi nasoma. Akiondoka, akili yangu inaondoka naye. Wenzetu wamekipa jina, wamekitengenezea programu, wanakilipia kwa mwezi. Sisi vimbweta vilikuwepo kabla hatujazaliwa, tena vya zege.

Na kwa nyie ndugu zangu mnaosomea kompyuta, mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho na kuishia kutengeneza mfumo mwingine wa kuuza kuku: programu zote saba nilizojaribu zilikuwa kwa Kiingereza. Zile zilizonieleza mimi ni nani zilinieleza kwa lugha ambayo mama yangu haielewi. Nilipotaka kumweleza nilihangaika, mwisho nikamwambia, "Mama, ni kama gari lenye injini nzuri, ila gia haziingii mpaka lisukumwe." Akaelewa mara moja. Tengenezeni kitu chepesi, cha Kiswahili, kinachofanya kazi bila bando, chenye sauti kwa asiyependa kusoma, kisichohifadhi jina la mtu, na mwisho wa kila somo kiwe na mstari mmoja: sasa mweleze mtu mmoja. Fanyeni na madaktari, msijifungie hosteli. Mimi nitakuwa wa kwanza kujaribu. Nikisahau, nikumbusheni.

Hali yangu kwa sasa: sijadisko. Sapu nimefanya, nimefaulu. Ile kazi iliyokaa siku tisa nilikuja kumpelekea mhadhiri hata kama haikuwa na maksi tena, na safari hii nilikuwa na jibu la swali lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kuna mtoto wake mmoja angependa nimweleze zaidi, siku nyingine. Nikaandika kwenye kiganja kwa kalamu, nisisahau.

Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku, tunakaa kimbweta cha nyuma ya maktaba, kile chenye taa inayowaka. Hakuna kiingilio, hakuna kuulizana una nini. Njoo na kazi yako, simu unalaza kifudifudi, tunasoma. Ukishindwa kuanza, sema tu nimeshindwa kuanza. Kuna mtu atakusukuma.

Nawasilisha. Na yule aliyesema nimeoa, aje na vitumbua vya kuomba radhi.